Taulo za Bibi na Mji wa Mwamba

Kazi yangu ya kwanza ya maana hapa Marekani, kuhudumia wazee majumbani mwao, ilikuwa na daftari. Lilikaa juu ya friji, kalamu imefungwa kwa uzi, na kila shifti ilipoisha ilinibidi niandike: mteja amekula nini, ameoga saa ngapi, amefanya nini kisicho cha kawaida. Kwenye mafunzo tulifundishwa tuseme wote kwa pamoja, kama watoto wa chekechea, kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Mimi nikalishika neno hilo sawasawa. Nilikuwa nimetoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako nilikaa miaka kumi na mitatu nikisubiri karatasi, na mtu aliyesubiri karatasi muda wote huo hawezi kudharau kalamu.

Mteja mwenyewe alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, mjane, akiishi peke yake katika nyumba ndogo ya mbao upande wa kusini wa Minneapolis. Mimi nilikuwa nakaa Brooklyn Center na mama yangu mzazi na wanangu wawili, kwa hiyo kila siku ni mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Bibi huyu aliniambia siku ya kwanza nimwite kwa jina lake. Ningeanzaje? Mtu aliyemzidi mama yangu umri, nimwite jina kavukavu kama tumecheza wote rede? Nikamwita Bibi. Akauliza maana yake, nikamweleza. Akasema sawa, ilimradi nisimwimbie, maana wahudumu waliotangulia walikuwa wakimwimbia.

Alikuwa mzaliwa wa Norwe, mji wa bandari kule pwani ya magharibi. Hilo tu ndilo nililokuwa nalijua. Kiingereza chake kilikuwa cha kuazima na changu pia cha kuazima, na labda ndiyo sababu tulielewana: hakuna aliyemkimbiza mwenzake. Ila yeye alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi, Mungu ananijua, nikinyamaza sana naumwa kichwa. Nilikuwa naongea na sufuria, naongea na mapazia, yeye anatazama mbingu kupitia dirisha la jikoni. Ukimwambia habari za asubuhi, anatazama juu kwanza ndipo anakujibu.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, naye mtu mzima mwenye wajukuu wake, anayekaa Woodbury. Huyo ndiye aliyeiita kampuni yetu. Alikuja Jumatano na Jumapili na mifuko ya vyakula, akapanga friji, akasoma daftari amesimama, miwani imeshuka puani, kisha akashusha pumzi. Sikumchukia. Alimpenda mama yake, ila kwa haraka, funguo za gari mkononi muda wote.

Mwezi wa sita, jua lilipokolea, Bibi akaanza mambo yake.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na sakafu ya saruji, mahali ambapo marehemu mumewe alikuwa akiegesha gari. Kamba ya kuanikia nguo ilipita hapo hapo juu. Na chini ya nyumba kulikuwa na mashine ya kukaushia, nzima kabisa, ukibonyeza inaunguruma. Bibi alifua taulo zake nyeupe, nyingi, akazikamua, akaacha kamba, akaacha mashine, akazitandaza chini kwenye saruji, moja moja, kwa mistari, akizinyoosha pembe kwa kiganja. Baada ya saa moja anatoka na fimbo yake kuzigeuza, kama mtu anayegeuza chapati. Baada ya saa nyingine, tena.

Na wingu likitokea! Lo! Hapo ndipo ungeshangaa. Wingu dogo tu, kule mbali juu ya miti, mimi hata sijaliona, Bibi ameshatupa fimbo na anakimbia. Nasema anakimbia, mtu aliyekuwa anashikwa mkono kwenda chooni. Anaokota taulo, anazipanga rundo la duara, juu anaweka kifuniko cha bati cha pipa la zamani la taka, na juu ya kifuniko jiwe. Kisha anasimama pembeni, mikono kiunoni, kusubiri mvua. Na mara nyingi mvua ilikuja.

Sikumuuliza. Hapa ndipo kosa langu lilipo, na nataka nilieleze vizuri. Kwetu huwezi kumsimamia mzee ukamuuliza, "Unafanya nini hapo?" Hiyo ni jeuri. Unamsalimia, ukiona amebeba unapokea, ukiona anaanua unaanua naye. Maswali tuliyazoea kutoka kwa polisi na kwa watu wa ofisi kule kambini, ambao hawakuwa watu wa kutupenda sana. Kwa hiyo nilimsaidia Bibi kubeba kifuniko, mdomo nimeufunga, kwa heshima zote. Kisha nikaingia ndani nikachukua kalamu.

"Mteja ameanika taulo chini. Mteja hakumbuki kwamba ana mashine ya kukaushia."

"Mteja amekimbia nje bila fimbo kwa sababu ya wingu. Hakukuwa na mvua."

"Mteja amefunika taulo kwa kifuniko cha taka na jiwe."

Mimi niliandika hivyo! Mimi niliyeanika nguo za wanangu juu ya majani kule kambini miaka kumi na mitatu, nikikimbia nazo kila ngurumo. Lakini kalamu ikishakuwa mkononi mtu anajiona amekuwa daktari.

Mwezi wa saba mwanzoni nilichelewa basi la pili. Nilipofika nilikuta moshi jikoni, sufuria ya viazi imeungua mpaka tako limekuwa jeusi, jiko linawaka, na Bibi yuko nje, rundo lake limefunikwa, anatazama mbingu. Nilizima jiko, nikafungua madirisha. Yeye akatazama sufuria, akasema tu, "Viazi vipo vingine." Hilo nalo nililiandika, na nikalipigia mstari.

Jumatano binti yake alisoma daftari, na safari hii akakaa kwenye kiti. Akasoma kurasa zote tangu mwezi wa sita. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mahali Lakeville, pazuri, pana bustani, na milango inafunguliwa kwa namba ili wazee wasipotee. Nesi msimamizi wa kampuni yetu angekuja baada ya majuma mawili kufanya tathmini, na akikubali, Bibi angehamishwa kabla ya baridi na nyumba ingeuzwa.

"Asante kwa kuandika vizuri," akaniambia. "Bila wewe nisingejua."

Nami nikafurahi. Mjinga mimi, nikafurahi.

Bibi alikuwa sebuleni na masikio yake yalikuwa mazima. Binti alipoondoka, aliniita nimfunge viatu. Wakati nimeinama akasema, "Nilishatolewa nyumbani kwangu mara moja, kwa moto. Mara ya pili sitoki."

Unadhani nilimuuliza moto gani? Wapi! Nilifunga viatu, nikasema pole Bibi, nikaenda juu ya friji. "Mteja anazungumzia moto ambao haupo."

Sasa makayabu. Kama hujui, makayabu ni samaki mkavu wa chumvi, mgumu kama ubao, unamloweka siku mbili ndipo anakubali meno. Sisi Wakongo tunampenda kupita kiasi. Kwetu alikuwa chakula cha sikukuu, na nilipofika huku nikamkuta katika duka la Waafrika Brooklyn Center, mama yangu aliimba zaburi palepale kati ya unga wa muhogo na mawese. Jumapili ile alimpika na nyanya, na Jumatatu nikabeba kiporo kwenye kopo kwa chakula changu cha mchana. Tulikuwa tumekatazwa kupasha chakula chenye harufu kwenye nyumba za wateja. Lakini nilikuwa na njaa na Bibi alikuwa amelala. Nikapasha.

Nikasikia fimbo inagonga sakafu. Bibi amesimama mlangoni mwa jikoni, nywele zimesimama upande mmoja, pua juu.

"Nani amekuletea huyo?"

Nikaanza kuomba msamaha, naenda kufungua dirisha. Akaniambia niache dirisha. Akavuta kiti, akachukua uma wangu, akachota kwenye kopo langu, akatafuna taratibu huku amefumba macho. Mwanamke aliyekuwa anasukuma sahani kila siku, aliyekula vijiko vitatu kwa kubembelezwa, alimaliza kopo zima. Kisha akapangusa mdomo, akasema, "Chumvi imezidi. Aliyepika hakubadilisha maji mara ya tatu."

Nilipofikisha ujumbe huo nyumbani mama aliwaka. "Mzungu gani huyo wa kunifundisha mimi makayabu?" Lakini hayo ni ya jioni. Mchana ule, kwa mara ya kwanza, nilimuuliza Bibi swali. Njaa ndiyo iliyouliza zaidi ya heshima, maana chakula changu kilikuwa kimekwisha. "Bibi, umemjulia wapi huyu samaki?"

Akanitazama kama mtu aliyengojea basi mpaka akakata tamaa, kisha akaliona linakuja.

Mji wao, akasema, umekaa juu ya visiwa vitupu vya mwamba, bandari katikati. Hakuna udongo, hakuna msitu. Kwenda shule ni boti, kwenda kanisani ni boti, kwenda kugombana na shangazi ni boti. Kitu pekee walichopewa na Mungu kwa wingi ni mwamba, basi wakaufanyia kazi huo huo mwamba. Samaki wakubwa weupe wa bahari ya baridi walikuja kwa mashua kutoka kaskazini, wakapasuliwa, wakalala kwenye chumvi majuma kadhaa. Kisha wanawake wakawabeba kwa machela mpaka mwambani, wakawatandaza mmoja mmoja, kwa mistari, juani. Mama yake alikuwa mwanika samaki. Bibi yake alikuwa mwanika samaki. Yeye mwenyewe alianza akiwa na miaka minane, kazi yake ikiwa kugeuza.

"Kwa mikono?" nikauliza. Nilikuwa nimeanza, na mimi nikianza sinyamazi.

"Kwa mikono. Unanyoosha pembe kwa kiganja."

Hapo nikaweka kikombe chini.

Samaki huyo, akaendelea, haruhusiwi kuungua na jua wala kuguswa na mvua. Akilowa anaoza, na mji mzima ulikula kutokana na yeye. Kwa hiyo kulikuwa na mzee mmoja aliyekaa mahali pa juu kazi yake kutazama mbingu. Akiona wingu anapandisha bendera. Na bendera ikipanda kila mwanamke, popote alipo, anaacha alichoshika. Mkate umekandwa nusu, unaacha. Mtoto yuko kwenye beseni, unamkabidhi yeyote. Chungu kiko motoni, kinabaki motoni. Wanakimbilia mwambani na aproni zao, wanawapanga samaki rundo la duara, ngozi juu, wanafunika kwa kifuniko cha mbao, na juu ya kifuniko wanaweka jiwe.

"Viazi viliungua sana katika mji wetu," akasema. "Hatukuwahi kumlaumu mtu kwa viazi."

Jamani, nilikaa pale kwenye kiti nikiona ule mstari nilioupiga daftarini.

Na moto? Nikamuuliza moto. Akasema Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, ndege zilimwaga mabomu na mji ulikuwa wa mbao; uliwaka siku kadhaa. Yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, akatolewa kwa boti yeye na mama yake, na waliporudi mtaa wao haukuwepo, mabomba ya kutolea moshi tu yamesimama. Lakini mwamba hauungui. Kwenye mwamba marundo mengine ya samaki yalikuwa bado yapo, yamefunikwa, na jiwe juu. Mama yake alifunua rundo moja, akanusa, akavua koti, akaanza kuwatandaza.

"Mlilia?"

"Kulikuwa na jua," akasema. "Ulikuwa wakati wa kuanika."

Baadaye mji ulijengwa upya, nyumba zikapakwa rangi, njano, nyekundu, kijani, buluu, ili mtu anayeingia bandarini kwa meli asidhani amefika makaburini. Meli zao zilipeleka samaki Uhispania, Ureno, mpaka Brazili. Na kurudi, meli tupu zinayumba, kwa hiyo zilijazwa udongo wa kule ziwe nzito. Udongo huo ulimwagwa mjini. Bustani zao zilikuwa za udongo wa kigeni, na makaburi pia, kwa sababu mwamba huwezi kuuchimba. "Baba yangu amelala kwenye udongo wa Uhispania," akasema, "na hakuwahi kufika huko."

Niliposimulia hilo nyumbani, mama yangu, ambaye hofu yake kubwa tangu tuingie ndege ilikuwa kuzikwa kwenye ardhi hii ya barafu mbali na watu wake, aliniambia nirudie tangu mwanzo. Hasira za chumvi zikamtoka. "Basi mpelekee tena Jumatatu," akasema, "na mwambie nimebadilisha maji mara nne."

Lakini kesho yake nilikuwa na jambo lililonikaa kooni. Nilishusha daftari, nikamketisha Bibi, nikamsomea. Yote, tangu mwezi wa sita. Sikuruka neno, hata lile la moto ambao haupo. Nilimwambia binti yake amesoma, na nesi atasoma, na ndiyo maana ya Lakeville.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Akasema, "Ulinisaidia kubeba kifuniko."

"Ndiyo, Bibi."

"Kisha ukaingia ndani ukaandika nimepotea."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini hukuuliza?"

Nilijaribu kumweleza ile heshima yetu, mzee hahojiwi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia inavyonuka. Alinyanyuka akaenda chumbani. Kuanzia siku hiyo hakusema nami. Alikula, alioga, alinyoosha mguu nimvalishe soksi, lakini neno hakuna. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utoto. Nilitaka kuchana zile kurasa. Nilizishika kabisa, vidole viwili. Lakini daftari lilikuwa na namba za kurasa, na isitoshe, kuchana kungekuwa uongo juu ya ujinga.

Mama yangu ndiye aliyenisukuma. "Wewe ndiye uliyemwandika," akasema. "Wewe ndiye utakayesimama umtetee. Wakikufukuza kazi utapata nyingine, hospitali ni nyingi."

Jumatatu ya tathmini nilipita dukani kabla ya basi nikanunua makayabu mzima, mrefu kama mkono, kutoka kwenye katoni iliyoandikwa ubavuni kwamba ametoka Norwe. Nilikuwa nimepita mbele ya katoni hizo mara ngapi? Nikambeba kwenye mfuko wa plastiki, na kwenye basi watu wakanipisha kiti.

Nesi alikuwa Mkenya, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kanisani. Tulikaa wanne mezani: nesi, binti, Bibi na mimi. Bibi alikuwa amevaa gauni la Jumapili na alikuwa ametazama dirishani tangu alfajiri. Mbingu ilikuwa safi. Nesi akamwuliza leo siku gani, rais ni nani, kumi na saba ukitoa tisa. Bibi alijibu vingine sawa, vingine alikosea. Kisha nesi akafungua daftari akaanza kusoma kwa sauti maneno yangu, na kila alipomaliza mstari binti alitikisa kichwa kwa huzuni.

Nikasema, "Samahani. Hayo niliyoandika yametokea, lakini sikuyaelewa."

Nikamtoa samaki kwenye mfuko, nikamweka juu ya meza, juu ya fomu.

Binti aliruka nyuma. Nesi akasema, "Haiya!" Na Bibi, ambaye alikuwa hajanisemesha siku hizo zote, alivuta samaki yule, akamgeuza, akapitisha dole gumba kwenye nyama, akamkunja mkia, akamnusa. Akasema amekaushwa na mashine, si jua, na aliyempasua alikuwa na haraka. Akamwonyesha binti yake kwa kidole pale kisu kilipopotea. Nami nikaeleza: saruji, mistari, kugeuza, wingu, rundo, kifuniko, jiwe, chungu kinachobaki motoni. Nilieleza kwa Kiingereza changu kibovu na sikujali. Nikamaliza na moto, kwamba upo, ulikuwepo, na mimi nilimwandika mtu ambaye mji wake umeungua kwamba anaota.

Nesi akanigeukia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Sasa dada, wewe umeandika haya yote karibu miezi miwili na hukumuuliza mwenyewe?"

"Mtu mzima kiasi hicho, ningemuulizaje?"

Akafunika mdomo kwa mkono. Mabega yakatikisika. "Woi," akasema, "hata mimi nisingemuuliza." Kisha akajikohoza akarudi kwenye Kiingereza.

Lakini binti hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake. "Hujawahi kuniambia," akasema. "Miaka sitini. Nilijua umetoka Norwe, basi."

"Ulikuwa na shughuli nyingi," Bibi akajibu. Hakulisema kwa ubaya. Binti akashika mkia wa yule samaki, akabaki ameushika.

Nesi, kazi ni kazi, akasema historia ni nzuri lakini nyumba inaweza kuungua na historia yake. Jiko je? Ile sufuria ilikuwa imeungua kweli, na siku nyingine nisingekuwapo kuizima. Niliona binti anaanza kulia na nikajua Lakeville inarudi mezani.

Bibi akaweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Chukueni jiko," akasema. "Niachieni saruji."

Ikawa hivyo. Nesi aliandika sharti: vile vitufe vya kuzungusha vya jiko ving'olewe, vikae kwangu, na jiko liwashwe nikiwapo mimi tu. Mwaka mmoja, kisha tathmini tena. Akanipa na maonyo mawili ya maandishi, moja kwa kuleta samaki kwenye kikao, moja kwa kupasha chakula chenye harufu, jambo nililokiri mwenyewe. Nimeyatunza yote mawili.

Vitufe nilivishonea mfuko wake ndani ya aproni, vikawa vinagongana nikitembea. Bibi akasema sasa natembea na kengele kama ng'ombe. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu nimsomee daftari, na niligeukia sinki nikalia kidogo, kwa furaha.

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa nane binti alikuja, na hakusoma daftari. Alikaa nje kwenye ngazi, funguo ameziacha mezani, akamwomba mama yake amfundishe kugeuza. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha viazi kwa ajili ya samaki wa mama yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikuwa namsikia Bibi akimkosoa, nyoosha pembe, hapana, kwa kiganja, na binti akicheka, mara nikaona rangi ya mbingu imebadilika kule juu ya miti. Wingu dogo. Sijui nani aliniamuru. Nilipiga ukelele, "Bibi, wingu!" na miguu ilikuwa imeshatoka mlangoni.

Tulikimbia wote watatu. Binti alipanga rundo vibaya, mraba, Bibi akalibomoa kwa fimbo tukalipanga upya, nikabeba kifuniko, binti akabeba jiwe. Mvua ikashuka palepale, kubwa, tukasimama chini ya upenu tumelowa, tunatazama rundo letu. Bibi alikuwa anahema na uso wake umekuwa mwekundu. Alikuwa wa kwanza kuinua pua.

"Nasikia harufu ya mji wetu," akasema.

Tulipoingia, jikoni kulikuwa kweupe kwa moshi. Bibi aliikaribia ile sufuria, akachungulia ndani, akanitazama mimi, akatazama ule mfuko wa vitufe tumboni kwangu, akacheka mpaka ikabidi tumkalishe kwenye kiti.

Shifti ilipoisha nilishusha daftari, nikaandika:

"Saa nane na nusu, wingu. Mteja ameanua taulo pamoja na binti yake. Sufuria imeungua. Aliyeiacha motoni ni mimi. Taulo zote kavu."